Kusafirisha gari kilomita 1,400 wakati wa kuhama: lipande lori au niliendeshe mwenyewe?

MamaPacha

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Nimebakiwa na wiki tatu, na kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Nahamia kikazi mji ulio kilomita 1,400 kutoka nilipo sasa. Vyombo vya ndani vinaondoka na lori la kuhamisha mizigo, hilo nimeshalimaliza. Kinachoninyima usingizi ni gari. Ni la marehemu baba, lina miaka 16, otomatiki, linavuta tairi zote nne. Mlango wa nyuma kushoto una kibonyeo alichokipata akirudi rivasi kwenye nguzo ya geti, siku aliyokuja kuwaona wanangu walipozaliwa. Sijawahi kukubali kinyooshwe. Injini ni nzima ila kuna sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, inayovuja, kila asubuhi nakuta tone moja au mawili ya oili chini. Najua wapo watakaosema niuze huku ninunue jingine huko. Hilo naomba tuliache, siliuzi.

Mpaka sasa nimeambiwa njia tatu. Ya kwanza, niendeshe mwenyewe siku mbili na watoto wawili wa miaka minne nyuma, bila mtu mzima mwingine. Ya pili, lori la kubeba magari. Nimepata watu wawili, na bei ya mmoja ni karibu nusu ya mwenzake. Huyo wa rahisi anataka hela yote kabla ya kuchukua gari, na ameniambia naweza kulijaza mizigo mpaka dari. Ya tatu ni ya dereva wa lori la vyombo: anasema atalifunga nyuma ya lori lake, tairi za mbele zipande kitoroli, za nyuma ziviringike barabarani, gia iwe nyutro, na kwamba amefanya hivyo mara nyingi.

Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, na nilikuwa karibu kuikubali. Mnasemaje?

FundiGiaboksi

Dada, hiyo ya tatu ifute leo leo.

Giaboksi ya otomatiki inalainishwa na oili inayosukumwa na pampu, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Sasa tairi za nyuma zikiviringika barabarani zinazungusha shafti, shafti inazungusha vyuma vilivyo ndani ya giaboksi, na oili haipandi. Nyutro haikusaidii kwa hilo, maana kinachokatwa ni nguvu ya injini. Tairi na shafti bado vimeshikana.

Na lako linavuta tairi zote nne, kwa hiyo ni baya zaidi. Mbele zimesimama juu ya kitoroli, nyuma zinakimbia. Kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kimetengenezwa kustahimili tofauti ndogo ya mzunguko, kama ile ya kwenye kona. Hapa unakipa tofauti kamili kwa kilomita 1,400. Kinapata joto mpaka kinaungua.

Nimefungua giaboksi ya gari lililovutwa namna hiyo kwa umbali mdogo sana kuliko wako. Oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, na chini ya sampo, lile bakuli la oili, kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa ukiuchezesha kwenye mwanga. Mwenye gari alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo, kwamba weka nyutro tu.

Gari la aina yako likivutwa, tairi zote nne ziwe juu. Kitabu cha gari kina ukurasa wa kuvutwa, usome kabla hujamsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

MsafiriWaAlfajiri

Mimi ningeendesha. Gari zima haliumizwi na kilomita 1,400, hazifiki hata umbali wa kutoka sevisi moja hadi nyingine. Kama linakula lita 10 kwa kilomita 100, ni lita 140 za mafuta, ongeza malazi ya usiku mmoja, ulinganishe na bei ya lori pamoja na nauli zenu. Kwa sili hiyo beba oili ya akiba, na kila ukisimama kujaza mafuta uvute kijiti cha kupimia oili uangalie.

Ila umesema uko peke yako na watoto wadogo wawili. Hapo sikusukumi. Anayechoka ni dereva, na usingizi wa saa nane mchana barabarani hauna mazoea.

DerevaMzee

Binti yangu, nimeendesha lori la kubeba magari miaka 19, sasa nimepumzika. Nikueleze kinachotokea gari likishaondoka mbele ya macho yako, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Gari lako halipandi lori likakaa mpaka mwisho wa safari. Lori limebeba magari 8 au 9, na kila moja lina mahali pake pa kushushwa. Ili nimfikie aliye katikati inabidi niwatoe waliomziba, kisha niwarudishe. La kwako linaweza kushushwa na kupandishwa mara tatu kabla halijafika. Kila mara linawashwa. Kwa hiyo betri dhaifu ni adhabu, na dereva aliyechoka akilazimika kulivuta kwa winchi usiku ndipo bampa inapogusa chuma. Kama betri ina mashaka, ibadilishe kabla.

Mafuta yawe robo ya tanki. Yanatosha kupanda na kushuka, zaidi ya hapo ni uzito na hatari ya moto. Upepo wa tairi uwe sawasawa, maana siku hizi kinachofungwa kwa mikanda ni tairi. Vioo vya pembeni vikunjwe, eria itolewe, keria ya juu ishushwe. Zima alamu. Mpe dereva ufunguo mmoja, mwingine ubaki nao. Na umwambie tabia za gari. Kila gari la zamani lina tabia: hili lazima ukanyage breki mara mbili, lile mlango wa buti unafunguka ukiusukuma kwanza. Mwenye gari ameshazoea, dereva hajui, atalazimisha, atavunja.

Sasa karatasi. Dereva anakuja na fomu yenye mchoro wa gari: mbele, nyuma, pande zote mbili, na juu. Mnazunguka pamoja, kila mkwaruzo unachorwa mahali pake, kisha mnasaini wote wawili. Wengi wanasaini huku wanaongea na simu. Usifanye hivyo. Lioshe gari jana yake, kwa sababu vumbi linaficha michubuko na baadaye hamtajua ipi ni ya zamani. Piga picha pande zote, paa, kioo cha mbele, kila rimu kwa karibu, na dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na mafuta vionekane. Hicho kibonyeo cha baba yako kipige picha ya peke yake, ukiwa umeweka kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa.

Kwenye kupokea ni hivyo hivyo, fomu ile ile. Mzunguko kwanza, saini baadaye. Kuna dereva atakuambia ana haraka, tena atakuwa anasema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa na haraka kila siku. Msubirishe. Ukishasaini kwamba umepokea salama, umelifunga jambo kwa mkono wako mwenyewe. Likifika usiku, chukua tochi, na uandike juu ya saini yako kwamba limepokelewa gizani.

Nilijifunza_Barabarani

Naongezea kuhusu kulijaza mizigo, kwa sababu mimi nilijaza. Buti niliweka mashine ya kushonea ya mama, magodoro mawili na sanduku la vitabu. Mashine haikufika. Bima ya msafirishaji ilikuwa ya gari tu, vitu vya ndani havimo, na imeandikwa hivyo kwenye mkataba nilioupokea bila kuusoma. Sikuwa na picha wala orodha, wala ushahidi kwamba mashine ilikuwemo. Halafu sanduku la vitabu lilivunja plastiki ya ubavuni mwa buti, kwa sababu gari juu ya lori linatikisika namna ambayo ukiwa ndani unaendesha huioni.

Acha jeki, tairi la akiba na spana yake. Vingine toa vyote, hata miwani na karatasi za kwenye droo ya dashibodi. Kadi ya gari usiiache humo, tembea nayo.

MamaPacha

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Fundi, nimesoma kile kitabu. Kimeandika kwa herufi nzito kwamba gari hili lisivutwe tairi zozote zikigusa chini. Nimeshampigia yule dereva nikamwambia hapana.

Nimeamua lipande lori, sisi tutasafiri kwa gari la abiria. Nina maswali mawili. Kuhusu bei, kwa nini zitofautiane kiasi hicho? Na ile sili, nimwambie msafirishaji au ninyamaze? Naogopa wakilikataa.

DerevaMzee

Marahaba binti.

Mwambie, tena mapema. Gari linalovuja likiwekwa juu linadondoshea la chini yake usiku kucha, na oili ikikauka kwenye rangi ya mtu ni kesi. Ukisema, linapangwa sehemu ya chini na safari inaendelea. Ukificha, dereva ataona mwenyewe asubuhi ya kwanza, na una bahati akikupigia simu tu. Na hata kama lako lisingevuja, ni haki yako kuuliza la juu yake ni zima kiasi gani.

Kuhusu bei, muulize kila mmoja swali moja: lori ni lako? Mara nyingi anayekupa bei ya chini ni dalali. Hana lori. Anachukua hela yako, kisha anatafuta mwenye lori atakayekubali kiasi kilichobaki. Wenye malori wanaiona bei ile na kuipita, gari lako linakaa wiki mbili, halafu unapigiwa simu uongeze. Madalali waaminifu wapo, nimefanya nao kazi miaka mingi, lakini hao wanakutajia jina la mwenye lori na hawakung'ang'anii hela yote mwanzoni. Lipa sehemu wakati wa kuchukua, iliyobaki ukishalizunguka gari lako huko lilikofika.

Omba nakala ya bima, angalia tarehe ya kuisha na kiwango cha juu kwa gari moja. Kisha ipigie kampuni ya bima wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta, si iliyoandikwa kwenye nakala hiyo. Uulize pia kuhusu mawe. Lori la wazi linapigwa na kokoto, na bima nyingi haziangalii alama za kokoto. Kuna malori yaliyofunikwa pande zote, bei yake ni kubwa zaidi, na watu wanayatumia kwa magari ya thamani sana. Kwako, uamuzi ni wa moyo wako.

Na usipange lichukuliwe siku ile ile ya kuondoka. Watakupa siku tatu au nne, si saa. Awepo mtu unayemwamini wa kusaini, naye umfundishe hayo yote.

MamaPacha

Narudi baada ya wiki tano, niliahidi kuleta majibu.

Yule wa bei rahisi nilimuuliza kama lori ni lake, akasema ni la mwenzake. Mwenzake ni nani? Hakunijibu mpaka leo. Nikaenda na wa pili. Niliwaambia kuhusu sili, wakaandika kwenye fomu kwamba linavuja na likapangwa chini, mwisho kabisa wa lori. Dereva alikuwa kijana mpole. Tulizunguka gari karibu nusu saa, kaka yangu akipiga picha. Ziko 46.

Lilifika siku ya sita, saa moja jioni, kiza kinaingia. Lori halikuweza kuingia mtaani kwetu, ikabidi nilifuate barabara kuu. Nikatoka na tochi. Nilipofika bampa ya nyuma kulia nikaona mchubuko mpya, urefu wa kiganja, wa rangi ya njano ile ile ya chuma cha lori lao. Dereva akasema lazima ulikuwepo. Nikafungua simu, nikamwonyesha picha namba 31, kona hiyo hiyo, safi. Alinyamaza, akatazama tena, akachora mwenyewe kwenye fomu na kusaini. Sikugombana naye. Kampuni imelipia rangi baada ya siku 12 na simu nne.

Mlango wa baba uko vile vile. Wanangu waliupapasa kabla hata sijawafungulia waingie, wanajua kibonyeo kilipo bila kuonyeshwa.

FundiGiaboksi, nimevuta kijiti leo asubuhi, oili imeshuka chini ya alama ya juu, robo hivi. Nikibadilisha ile sili, kuna nyingine za kubadilisha hapo hapo wakati injini iko wazi?