Klipu ya kuchekesha: mtu akiaibika mbele ya kamera, tuna haki ya kumsambaza?

Jicho Kali: Wakuu, klipu tamu kuliko zote ni zile ambazo hakuna aliyezipanga. Mfano ni ile ya BBC ya Machi 2017. Profesa Robert Kelly yuko mubashara kutoka nyumbani kwake Korea Kusini, anachambua kuondolewa madarakani kwa Rais Park. Mlango unafunguka nyuma yake, binti mwenye sweta la njano anaingia akitamba, mdogo wake anafuata na kigari cha kujifunzia kutembea, halafu yaya anaingia mbio akiteleza na soksi, anawazoa wote wawili. Nilicheka mpaka machozi. Sasa swali: mtu hakuomba kuchekwa na dunia nzima. Ni halali kumsambaza?

Mama wa Wawili: Yaya? Yule ni mke wake! Ndiye mama wa watoto hao.

Jicho Kali: Dada, mada ni ridhaa, si nani kaingia.

Mama wa Wawili: Ni mada ileile. Watu kibao walisema "yaya" siku ile kwa sababu mume Mzungu na mke Mkorea. Unamtetea mume asiaibishwe, mke umeshampa kazi za ndani.

Sauti ya Pembeni: Lakini mbona alionekana na hofu hivyo? Mwenye nyumba hatambai kwenda kuvuta mlango.

Mama wa Wawili: Mume yuko hewani, watoto wamevamia chumba, ungetaka atembee kwa maringo? Angalia mkono wake pale mwisho, unavyoutafuta mlango kutoka chini. Yule anaokoa kazi ya mumewe.

Mkongwe wa Mtandao: Mimi kilichoniuma ni baba. Mtoto kamfuata, yeye anamsukuma kwa mkono bila hata kumtazama.

Sauti ya Pembeni: Nasikia hakusimama kwa sababu hakuwa na suruali.

Mkongwe wa Mtandao: Uzushi huo. Aliulizwa, akasema alikuwa amevaa jinzi.

Mpenda Haki: Kurasa nzima za yaya na suruali! Kelly na familia yake waliitisha mkutano na waandishi wa habari, wakazungumza wenyewe. Ridhaa ilichelewa, ila ilikuja. Linganisheni na yule kijana wa Kanada, 2003 kama sikosei. Alijirekodi peke yake shuleni akizungusha fimbo kama upanga, wenzake wakaichukua kanda na kuitupa mtandaoni bila kumwambia. Ilibidi familia iende mahakamani. Mpaka leo wapo wanaoiweka kwenye orodha za "klipu bora". Mimi sitaitazama tena.

Jicho Kali: Hapo nakubaliana nawe. Lakini ile ya mtoto kung'atwa kidole na mdogo wake, ya Uingereza, 2007? Baba aliipandisha ili ndugu wa Marekani waione tu...

Mkongwe wa Mtandao: Si ndugu, ni baba wa ubatizo wa watoto. Na mwaka 2021 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 700,000. Nani kaumia hapo?

Mama wa Wawili: Aliyeng'atwa alikuwa na miaka mitatu, aliyeng'ata mwaka mmoja. Nani aliwauliza?

Mkongwe wa Mtandao: Dada, mtoto wa mwaka mmoja humuulizi hata dawa, unampa.

Mama wa Wawili: Dawa unampa kwa sababu anaumwa. Wangu mmoja alianguka juzi akiwa anacheza, shemeji yangu akakimbilia simu kabla ya kumwinua. Mtoto analia, mtu mzima anatafuta pembe nzuri ya kamera. Nilimfutisha palepale, na tangu siku hiyo hatusalimiani.

Sauti ya Pembeni: Shemeji hamsalimiani kwa ajili ya klipu? Umezidisha.

Mama wa Wawili: Sijazidisha. Mtoto alikuwa anatoka damu mdomoni.