Tupeane uzoefu: utabiri kwenye hadithi, na swali ambalo mhusika hakuuliza

Mwanzisha uzi
Wakuu, karibuni. Wanaoandika au kusoma hadithi zenye utabiri, tuambieni: mhusika aliuliza nini, na nini hakuuliza?

Naanza. Mimi siandiki utabiri kabla sijaandika swali. Kwenye mswada nilionao, mfalme anamuuliza mpiga ramli, "Mwanangu atakikalia kiti changu?" Anajibiwa, "Atakikalia." Analala usingizi mnono. Mwana anakikalia kweli, asubuhi moja tu, kawekwa hapo na maadui walioteka mji, mikono imefungwa kamba. Ramli haikudanganya. Mfalme aliulizia kiti, hakumuulizia mwana.

Mwalimu wangu ni Croesus, mfalme wa kale wa Lydia, kama Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anavyomsimulia. Wengi hukumbuka jibu la Delphi, hekalu la utabiri la Wagiriki: ukiwavamia Waajemi utaangusha dola kubwa, kumbe ni yake mwenyewe. Mimi navutiwa na yaliyotangulia. Aliwapima watabiri kwanza: siku ya mia tangu wajumbe waondoke, waulize mfalme anafanya nini. Siku hiyo akachemsha kobe na mwanakondoo kwenye sufuria ya shaba yenye mfuniko wa shaba. Delphi wakapatia. Mtu anayejua kutunga swali lisilo na mwanya namna hiyo, lilipokuja suala la vita hakuuliza dola ipi! Baadaye, akiwa mateka, alituma watu kulalamika, akajibiwa kwamba ilimpasa aulize tena.

Mzee wa Jukwaani
Umenikumbusha Macbeth, mchezo wa Shakespeare kuhusu mtu aliyeua ili awe mfalme; niliwahi kuuongoza jukwaani. Ile mara ya pili anapokwenda kwa wachawi, anaambiwa asikilize tu, asiseme neno. Ndipo anapewa lile la kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, kumbe yupo adui aliyetolewa tumboni kwa kupasuliwa. Mwigizaji wangu alitaka kucheka kwa ushindi papo hapo. Nikamwambia anyamaze kidogo, afungue mdomo kama anayetaka kuuliza, kisha aufunge. Ukumbini watu walianza kunong'onezana, "Uliza! Uliza!"

Na angalieni: swali analolishikilia kwa nguvu zote ni kama uzao wa Banquo, mwenzake wa zamani, utatawala. Wanamkataza, anang'ang'ania, na hilo ndilo analojibiwa bila fumbo lolote. Linamchoma kuliko yote.

Msomaji Sugu
Mnawalaumu sana wanaouliza. Oedipus wa tamthilia ya Kigiriki je? Alikwenda Delphi kuuliza wazazi wake ni akina nani. Swali safi kabisa! Hakujibiwa hilo, akaambiwa atamuua baba na kumwoa mama, akakimbia Korintho, kwa waliomlea, akidhani ndio wazazi wake. Mwandishi akitaka kummaliza mtu, swali zuri halimwokoi.

Shangazi Simulizi
Mwanangu Sugu, hapo nakuunga mkono nusu. Aliondoka na swali lake halijajibiwa, akaanza kuishi kana kwamba limejibiwa.

Mimi nawasimulia watoto habari za Fumo Liyongo. Si utabiri hasa, ila ni ndugu yake: mwana anatumwa kumuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anahisi hila, na bado anataja sindano ya shaba kitovuni. Watoto hawaulizi kuhusu sindano hata siku moja. Huuliza, "Sasa kwa nini alimjibu?" Nami humwachia mkubwa wao ajibu, maana kila mara huja na sababu mpya.

Kalamu Changa
Naomba msaada, wakuu. Utabiri wangu wasomaji wanaubashiri mapema mno. Nifiche zaidi?

Mwanzisha uzi
Usifiche jibu, mkuu. Mpe mhusika haraka. Mwenye hofu ya jambo moja huuliza hilo moja tu, na msomaji aliyeingia kwenye hofu hiyo naye atalisahau la pili. Weka hapa lile swali lenyewe, kama alivyolitamka, tulione.