Dar–Zanzibar kwa ndege: kilomita ngapi hasa, na dakika ngapi?

msafiri_mwambao
Wakuu, heshima kwenu. Tovuti moja inasema Dar hadi Zanzibar ni dakika 36 angani, nyingine inasema 15, na tiketi imeandikwa 25. Nishike ipi? Wakati wa kurudi kuna ndege ya kimataifa ya kuunganisha pale Dar, tiketi mbalimbali.

Mwewe
Mkuu, zote tatu zina maana, ila zinapima vitu tofauti.

Anza na umbali. Uwanja wa Julius Nyerere uko latitudo 6.88 kusini, wa Abeid Amani Karume 6.22, na longitudo zao karibu ni moja. Tofauti ni digrii 0.66, zidisha kwa km 110.6 za kila digrii upate kama km 73. Kwa maili za baharini, wanazotumia marubani, ni 39 hivi.

Hiyo 36 ni hesabu ya mashine. Tovuti nyingi hugawanya umbali kwa kasi ya jeti, takriban km 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa safari ndefu inakubalika, kwa km 73 ni kichekesho. Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela, hukimbia karibu km 300 kwa saa, kwa hiyo 15 ni ya mstari mnyoofu bila mizunguko. Ile 25 ya tiketi inahesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka maegeshoni hadi inaposimama upande wa pili. Shika hiyo.

msafiri_mwambao
Shukrani. Kwa hiyo ATR, ile ndege kubwa zaidi ya propela yenye kasi ya km 500 kwa saa, itachukua nusu ya muda?

Mwewe
Hapana. Haipati nafasi ya kufikia hiyo kasi. Ikimaliza kupaa inaanza kushuka. Utaokoa dakika chache tu, na unaweza kuzipoteza kwenye kupanda na kushuka, maana abiria ni karibu 70 badala ya 12.

pepo_za_kusi
Mmesahau upepo. Njia ya kurukia ya Zanzibar ni 18/36 (digrii 180 na 360 za dira), yaani kusini–kaskazini. Wakati wa kaskazi, ndege itokayo Dar mara nyingi inaingia moja kwa moja. Kusi likivuma inabidi itue ikielekea kusini, hivyo inaupita uwanja kwanza, inageuka, ndipo inatua. Hapo zinaongezeka dakika kadhaa. Kurudi ni nafuu: inaruka tayari imeelekea Dar.

Mzigo Mwepesi
Ndugu, dakika za angani si tatizo lako. Ndege ndogo nyingi hushukia Terminal 1, na za kimataifa ziko Terminal 3. Si jengo moja na huvuki kwa miguu na mizigo, panga gari. Pili, Caravan huweka mizigo chini ya tumbo la ndege, kikomo aghalabu kilo 15, na begi gumu kubwa halipendwi. Ruhusa ya kilo 23 ya ndege kubwa haikusaidii huku.

Kwa kuwa tiketi ni mbalimbali, ndege ndogo ikichelewa, kampuni ya pili haiwajibiki kukusubiri. Acha saa 4 kati ya kutua Dar na kuruka. Masika, mvua nzito ikiziba uwanja, acha 5, au panda boti ya asubuhi: ni kama saa 2 hadi bandarini, kisha foleni ya barabara ya Nyerere uiongeze mwenyewe.