Tupeane uzoefu: mlioolewa au kuoa vijijini Ayalandi, habari za washenga mmezikuta?

Mkamwana wa Clare
Nina mwaka wa nane huku Clare. Bibi yake mume wangu, Mungu amrehemu, alinisimulia alivyoolewa. Kijana aliletwa na mshenga, na walionana mara moja tu kabla ya harusi. Mimi nilichoka niliposikia mahari ililipwa na baba wa binti! Ila kabla ya kutoa pesa, mzee alikwenda kukagua shamba la mkwe. Akahesabu ng'ombe, akakanyagakanyaga ardhi kuona kama ina majimaji. Bibi alicheka hadi machozi: nusu ya ng'ombe siku ile walikuwa wa jirani.
Wenzangu, leteni visa.

Mkurya wa Kerry
Mama mkwe wangu anasema pauni zile hazikukaa. Zikiingia tu, zinatumika kumwoza wifi mtu. Nikamwambia kwetu Tarime kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake, akapiga meza: "Kumbe ni yale yale, mmegeuza tu!"
Baada ya ile njaa kubwa ya viazi ya miaka ya 1840 watu waliacha kugawana mashamba. Mtoto mmoja anarithi, tena baba akizeeka, ndugu wengine meli ya Marekani. Ndiyo maana mwanamume wa miaka 40 ambaye bado hajarithi wala kuoa aliitwa "kijana".

Shemeji Galway
Mkataba wa ndoa mlisahau. Kwetu upo kwenye sanduku, uliandikwa kwa wakili: wazee wanabaki na chumba cha upande wa magharibi, viazi vyao, malisho ya ng'ombe mmoja, na nafasi kwenye gari la farasi kwenda misa. Nafasi ya kwenda misa imeandikwa! Mama mkwe alijua atakayoyapata kwa mkamwana.

Kapera Limerick
Mimi wa upande wa pili. Zamani Kwaresima hakuna kufunga ndoa, kwa hiyo washenga walikimbizana kuanzia Krismasi hadi mkesha wa Jumatano ya Majivu. Ukibaki bila mke, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima watoto walikuwa wanakuchora chaki mgongoni ukienda misa. Mzee mmoja kazini kwangu anasema koti la baba yake mdogo lilikuwa na chaki kila mwaka, mwisho akawa analivaa hivyo hivyo bila kulifuta.

Mkamwana wa Clare
Maskini. Kapera, si uende Lisdoonvarna, kale kamji ka huku Clare, mwezi wa tisa? Hilo tamasha la washenga lilitokana na wakulima waliomaliza mavuno.

Kapera Limerick
Nilikwenda. Wana kitabu cha mshenga maarufu Willie Daly, wanasema ukikigusa kwa mikono miwili utapata mpenzi ndani ya miezi sita. Nimemaliza wa saba.

Shemeji Galway
Uligusa kwa mikono yote?

Kapera Limerick
Mmoja ulikuwa na chipsi.