Redio ya Honda CR-V imejifunga baada ya kuweka betri mpya, namba ya siri sina. Nifanyeje? (Mtwara)

Mzee wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hasa mlio huku Kusini.

Nina Honda CR-V ya 2005 iliyotoka Uingereza, spidi mita yake inasoma maili. Nimeinunua kwa mtu hapa hapa Mtwara. Betri ilichoka, nikafungiwa mpya. Gari inawaka vizuri, ila redio imegoma: nikiiwasha inaandika CODE, basi. Haishiki stesheni, haisomi CD. Aliyeniuzia nimempigia, anasema naye hakuwahi kupewa namba yoyote.

Fundi amenishauri tuing'oe tuweke ya Andiroidi, laki tatu na ushee pamoja na ufundi. Redio hii naipenda, sauti yake imetulia, na msimu wa korosho niko barabarani kila mara, Newala, Masasi. Taarifa za mnada nataka nizisikie njiani. Kuna namna ya kuifungua bila kuiharibu?

Mwana Mikindani
Mkuu jaribu 0000, ikikataa weka 1234. Wengi hawabadilishi.

Fundi Umeme Ligula
Hapana, asijaribu hivyo. Namba hiyo haichaguliwi na mwenye gari, kila redio imetoka kiwandani na yake. Kwenye Honda hizi ukikosea mara kumi inakataa kabisa kupokea namba, mpaka uiache imewashwa saa nzima.

Mzee, redio yako ni nzima. Imewekwa hivyo ili mwizi akiichomoa isimfae kitu. Umeme ukikatika, hata kwa kuchomoa waya mmoja wa betri, inadhani imeibwa.

Kwanza fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, uitoe vitu vyote, umulike na tochi kwenye kuta zake. Mara nyingi kuna stika ndogo yenye namba. Angalia pia ndani ya vitabu vya gari, huwa kunabanwa kikadi kidogo.

Usipoipata, zima redio. Weka swichi ya gari kwenye ON, shikilia kitufe cha 1 na cha 6 kwa pamoja, kisha uiwashe redio huku umevishikilia. Kioo kitaonyesha herufi U na tarakimu, halafu L na tarakimu nyingine. Ziandike zote kwa mpangilio huo huo. Hiyo ndiyo namba ya redio yenyewe, na ndiyo inayotumika kutafutia namba ya siri.

Mama Naliendele
Mimi Toyota yangu ya Japani ilinifanyia hayo hayo, ila ilijaza maandishi ya Kijapani ikawa inadai kadi ya ramani. Nayo ni 1 na 6?

Fundi Umeme Ligula
Hapana dada, hiyo ni shida nyingine. Zile zenye ramani zina utaratibu wake. Ile kadi ndogo ya SD iliyokuja na gari usiitoe kuwekea miziki, na kama ilishatolewa, itafute kwanza.

Mzee wa Chikongola
Stika hakuna, lakini U na L zimetokea! Niziweke hapa mnisaidie?

Kijana wa Lindi
Usiziweke hadharani mkuu. Namba hizo zinaendana na gari lako. Na ukiona mtu anakufuata inboksi anataka hela kwanza, achana naye. Wasiliana na wakala wa Honda, mpe namba ya redio, namba ya chesisi na kadi ya gari. Atataka ajiridhishe kuwa gari ni lako, na ana haki, maana mwizi naye angepiga simu hiyo hiyo.

Mzee wa Chikongola
Hapo pana tatizo. Kadi bado ina jina la aliyeniuzia.

Kijana wa Lindi
Basi anza na hilo. Mfuate akiwa bado anapokea simu yako, mwende TRA mbadilishe umiliki. Ikitokea ajali au deni la faini utamtafuta wapi? Redio inaweza kusubiri, kadi isisubiri.

Fundi Umeme Ligula
Naunga mkono. Namba ikishapatikana, bonyeza tarakimu moja moja kwa vitufe vya redio. Ukikosea katikati usizime ukaanza upya. Malizia hivyo hivyo zilizobaki, kisha ingiza ile sahihi kuanzia mwanzo.

Mama Naliendele
Nimesikia kuna mafundi wanabadilisha betri bila redio kuzima. Kweli?

Fundi Umeme Ligula
Kweli. Unashikiza betri ya pili kwenye waya za gari, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ndipo unatoa ya zamani. Lakini uangalifu unahitajika, kwa sababu kile kichwa cha waya chanya kinabaki na moto muda wote kikining'inia, na kikigusa bodi ni cheche na fyuzi. Mimi hukivika kipande cha tyubu ya baiskeli kabla sijagusa kitu kingine. Fundi wako akianza kufungua nati bila kukifunika, msimamishe.

Mzee wa Chikongola
Asanteni sana wakuu. Nimeongea na aliyeniuzia, tunakutana Jumatatu asubuhi TRA. Ile ya Andiroidi nimemwambia fundi tuiache.