UDSM au MUST kwa anayetaka kazi huku huku Nyanda za Juu?

Kijana_Uyole: Wakuu habari. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa vyuo viwili, UDSM (Mlimani, Dar) na MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya), kote uhandisi ujenzi, na lazima athibitishe kimoja. Yeye anataka kazi huku huku, Mbeya, Songwe au Njombe, Dar haimvutii kabisa. Mzee anasema jina la Mlimani ni mtaji. Mnaonaje?

Fundi_Mafinga: Mzee hajakosea ila inategemea CV inaenda wapi. Dar kampuni kubwa inapokea rundo la maombi, haikujui wewe wala aliyekufundisha, hapo jina la chuo ndo linakusemea. Huku sivyo mkuu. Makandarasi wengi ninaowajua Mbeya wanamchukua aliyefanya nao fildi, waliyemuona saiti akisoma mchoro mwenyewe na kupima slampu ya zege (kama ni zito au jepesi) bila kusubiri kuitwa. Halafu MUST imekuwa chuo kikuu 2012 lakini wenyeji wanaijua tangu ikiwa chuo cha ufundi, Mbeya Tech, mafundi sanifu wake wapo kila saiti na ndo wanaoulizwa "huyu binti unamjua?"

Dada_Ilula: Serikalini ndo kabisa. Ukiitwa usaili kupitia Ajira Portal unakaa mtihani wa mchujo, nilikaa chumba kimoja na watu wa Mlimani, Mzumbe, vyuo vya kanisa, karatasi ile ile.

Mwl_Mufindi: Mie nimesoma Mkwawa hapa Iringa, na kwa vile ni chuo kishiriki cha UDSM cheti kinasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shule binafsi za Dar nilizoomba walikipenda sana hicho cheti. Kuja shule ya misheni huku Mufindi, mkuu wa shule hata hakukifungua, kanipa chaki niingie kidato cha tatu nifundishe kemia yeye kakaa nyuma, halafu kaniuliza kama baridi ya Juni nitaiweza. Nipo hapa mpaka leo.

Kijana_Uyole: Asanteni sana. Na akimaliza MUST akabadili mawazo akaenda Dar?

Fundi_Mafinga: Mwanzoni atasota kidogo kuliko wa Mlimani, sikudanganyi kaka. Ajisajili ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) mapema aingie SEAP, ile miaka mitatu ya mafunzo kazini, akishasajiliwa mhandisi mtaalamu watamuuliza miradi aliyosimamia.

Dada_Ilula: Na barua za fildi TANROADS na TARURA, wale wakala wa barabara wa serikali, azipeleke mapema jamani, nafasi zinajaa haraka.