Kipande cha dakika 45 kwa sinthesaiza ya analogi: noti zinahama, tepu haitoshi

mvumo_mrefu

Wakuu, naandaa kipande cha dakika 45, cha kupigwa mara moja bila kukatwa, chenye hali ya uwanda wa nyasi tangu jua linapochwea hadi giza kutanda. Vifaa: sinthesaiza ya analogi yenye osileta 2 (saketi zinazotoa sauti), filta ya desibeli 24 kwa oktavu (inayokata sauti za juu), osileta 1 ya mwendo pole (haisikiki yenyewe, inatikisa tu vingine), na rekoda ya tepu ya robo inchi yenye rili za sentimita 18.

Nimekwama pahala patatu. Osileta nikizilinganisha zinaachana baada ya dakika kama 15. Ile ya mwendo pole, hata ikiwekwa mwisho kabisa, inazunguka kila sekunde 20, sikio linaikariri upesi. Na tepu inaisha dakika ya 31. Halafu, niongeze rekodi ya nyenje?

fundi_saketi

Anza na joto, mkuu. Saketi inayogeuza volti kuwa noti (volti 1 kwa oktavu) hutegemea jozi ya transista, na bila rezista ya kufidia joto kipimo chake hupotoka kama asilimia 0.33 kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Oktavu 3 juu ya noti ya msingi wa saketi (ile inayotoka volti ikiwa sifuri), hiyo ni senti 12 kwa digrii moja tu, na nusu toni nzima ni senti 100. Washa chombo nusu saa kabla, kifuniko kikae kimefungwa, feni isikipulizie. Cheza karibu na noti ya msingi, maana hapo kosa linakaribia sifuri.

Ila usiue mhamo wote! Osileta mbili za Hz 55 zikipishana senti 1, hupiga mapigo (sauti kuzama na kupanda) mara moja kila sekunde 31. Kwa wimbi la msumeno, harmoniki ya 10 (sauti ya juu iliyomo ndani, mara 10 ya msingi) hupiga mara 10 zaidi, yaani kila sekunde 3. Sasa teremsha filta toka Hz 2000 hadi 200 kwa dakika zako 45, kama oktavu moja kila dakika 13 na nusu. Mtetemo wa haraka wa juu unapotea kwanza, kama nyasi upepo unapotulia, na mwisho unabaki mpumuo wa polepole wa chini. Osileta hukuzigusa. Chora alama za penseli pembeni mwa nobu kila dakika 5, la sivyo mkono utakimbia. Karibu kila mtu hufika chini mapema mno.

Usizilinganishe kwa kipimia noti. Funga filta hadi ibaki sauti ya msingi tu, shika saa, hesabu toka sauti inapozama hadi inapozama tena. Zikiwa sekunde 10, zimeshaachana senti 3.

kapasita_kumi

Naongezea kwenye mwendo pole. Usichokonoe ndani ya chombo, jenga nje. Saketi ya wimbi la pembetatu ya opampu mbili (chipu za kukuza volti), rezista mbili za upande wa kilinganishi zikiwa karibu sawa (ile inayotoka kwenye pembetatu iwe ndogo kidogo, la sivyo wimbi linaweza kuganda), huzunguka kwa karibu 4 × R × C, yaani rezista mara kapasita. Megaom 1 na mikrofaradi 10 hutoa sekunde 40. Jenga na ya pili kwa megaom 1.8, sekunde 72. Kapasita hazifanani hata zikiandikwa thamani ileile, kwa hiyo mizunguko miwili haitakutana kwa utaratibu, na hapa hilo ndilo tunalolitaka.

Kinachoharibu kazi hii ni kapasita za elektroliti: zinavuja, na volti hapa inakwenda pande zote mbili, kwa hiyo wimbi huganda upande mmoja. Tumia za filamu ya plastiki, hata kama ni kubwa. Opampu ya 741 nayo iache. Mkondo wake wa kuingia ni kama nanoampea 80, ukipita kwenye megaom 1 ni milivolti 80 za kosa, kupanda na kushuka havilingani. TL072 iko kwenye pikoampea. Kisha punguza volti kabla ya filta: kiloom 100 mfululizo, kiloom 10 kwenda ardhini, unabaki na kama volti 1 kila upande.

rili_mbili

Tepu ya mita 360 ikienda sentimita 19 kwa sekunde ni dakika 31 na nusu, hesabu yako iko sawa. Chukua tepu ya mita 540, dakika 47. Ukishusha mwendo hadi 9.5 utapata saa nzima lakini mvumo wa tepu unapanda, na kipande kimya hakiwezi kuuficha. Tepu ya mita 540 ni nyembamba, maikroni kama 35, tabaka huambukizana sauti. Ihifadhi bila kuirudisha mwanzo, ili kivuli hicho cha sauti kije baada ya sauti yenyewe, siyo kabla.

Nyenje, hapana. Sikio linajua ni usiku kijijini ndani ya sekunde moja, dakika 44 zilizobaki nyenje hawana jipya. Azima rekoda ya pili, weka kitanzi (tepu iliyounganishwa ncha kwa ncha) cha kelele nyeupe, ile ya "shhh", iliyochujwa kati ya Hz 300 na 900, sekunde 17, yaani sentimita 323. Kelele iwe tambarare. Ukirekodi upepo unaopanda na kushuka, kila sekunde 17 utarudi uleule. Upepo upandishe kwa mkono kwenye miksa.

mvumo_mrefu

Nimejaribu kitanzi. Kinapiga "tk" kwenye kiungo kila kikizunguka.

rili_mbili

Wembe wako una usumaku, au umekata wima. Uondoe usumaku kwa kifaa kilekile cha vichwa vya rekoda, kata digrii 45, ncha zikutane bila kupandana. Utepe wa gundi ubandike upande wa mgongo tu, usizidi upana wa tepu.